Shajara ya Mradi: Kufufua Mifuko ya Chujio ya Kinu cha Viungo, Chake Chake

Mei, katikati ya masika

Kinu cha ushirika wetu kiko pembezoni mwa mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba. Husaga mdalasini, pilipili manga na manjano, na katika msimu wake husaga pia karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, yanayofika kwetu kwa kibali. Vumbi linalopanda wakati wa kusaga hunyonywa na feni na kupitishwa ndani ya sanduku la chuma lenye mifuko 24 ya kitambaa, ambayo kila mmoja una kipenyo cha milimita 160 na urefu wa mita 2, yaani uso wa kuchujia wa takriban mita moja ya mraba. Hewa huingia kutoka nje ya mfuko kwenda ndani, vumbi likabaki juu ya uso wa nje, na kila baada ya muda mpigo mfupi wa hewa ya kompresa huteremshwa kutoka shingoni mwa mfuko ili kuutikisa na kuliangusha vumbi hilo katika pipa la chini.

Hivi sasa feni inazunguka kwa nguvu ileile lakini vumbi linatoka kwenye mdomo wa kinu badala ya kunyonywa, na kina mama wanaopembua pilipili wamelazimika kujifunga mitandio puani kutwa nzima. Mrija wa maji wenye umbo la U, tuliouning'iniza ubavuni mwa sanduku ili kulinganisha msukumo wa hewa kabla na baada ya mifuko, unaonesha tofauti inayopita milimita 200. Mfumo huu ukiwa na afya, tofauti hiyo hucheza kati ya milimita 50 na 120, na kila mpigo wa hewa huishusha kidogo. Leo mpigo unalia na maji kwenye mrija hayatikisiki.

Mifuko mipya huagizwa kutoka Dar es Salaam, hupanda meli hadi bandari ya Mkoani na kuletwa huku kwa gari, na bei yake si ya kuichezea. Kamati imekubali kwamba kabla ya kuagiza seti nzima tujaribu kuifufua iliyopo, tufike msimu wa karafuu tukiwa na kinu kinachonyonya. Mifuko miwili mipya iliyokuwa stoo haitatumika. Itabaki kuwa kipimo cha kulinganishia.

Mei, siku ya kufungua sanduku

Tulizima umeme, tukafunga swichi kuu kwa kufuli, tukaacha vumbi litulie kabla ya kuingiza taa. Vumbi la viungo likiwa limetanda hewani ndani ya sanduku lililofungwa linaweza kuwaka kwa cheche moja, kwa hiyo hatukufagia kwa fujo wala hatukutumia hewa ya kompresa kupuliza.

Mfuko uliokuwa mbaya kuliko yote tuliutoa kafara: tulikata kipande kwa wembe, tukakitazama ubavuni kwa kioo cha kukuza. Hapo ndipo mradi huu ulipopata mwelekeo. Juu kabisa kulikuwa na ukoko wa vumbi la rangi ya kahawia, mkavu, unaobanduka kwa kucha. Chini ya ukoko huo, ndani ya kitambaa chenyewe, kulikuwa na tabaka jeusi linalonata, lenye harufu kali ya karafuu, lililopenya hadi karibu theluthi ya unene wa kitambaa. Upande wa ndani, ambao vumbi halitakiwi kuufikia kabisa, ulikuwa na michirizi ya maji iliyoteremka kutoka shingoni hadi chini, kila mmoja ukiwa na kingo za rangi ya kutu.

Ukoko wa juu haukunisumbua. Chujio la kitambaa haliwezi kufanya kazi bila ukoko, kwa sababu matundu ya kitambaa kipya ni makubwa kuliko chembe ndogo za vumbi, na chembe hizo huzuiwa hasa na vumbi lenzake lililotangulia kukaa. Kilichoua mifuko hii ni mambo mawili yaliyokutana. Karafuu ina mafuta mengi, kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli. Kinu kikipata moto, sehemu ya mafuta hayo hugeuka mvuke, husafiri na hewa hadi kwenye kitambaa kilicho baridi zaidi, na hapo hurudi kuwa majimaji na kulishika vumbi kama gundi. Hilo peke yake mfumo ungelistahimili kwa muda. La pili ni maji. Nilifungua koki ya chini ya tangi la kompresa, yakatoka maji ya rangi ya chai ya rangi, na yakaendelea kutoka kwa muda ambao mimi na fundi tuliishia kutazamana. Hewa ya masika hubeba unyevu mwingi. Ikishindiliwa kisha ikapoa, unyevu huo huwa maji, na maji hayo yasipomwagwa kila siku huingia kwenye mabomba. Kwa hiyo kila mpigo uliokusudiwa kuusafisha mfuko ulikuwa unaurushia maji kwa ndani.

Ninaandika hili mapema kwa sababu linaamua kila kitakachofuata. Kuifua mifuko na kuirudisha chini ya kompresa ileile bila kubadili kitu ni kufua nguo na kuianika kwenye matope. Fundi ameanza kuweka mtego wa maji kwenye bomba kabla ya vali za mpigo, na mlinzi wa zamu amekabidhiwa koki ya tangi kuwa kazi yake ya kila asubuhi.

Mei, kuutambua uzi

Lebo za mifuko zimefutika. Kabla ya kugusa dawa yoyote ilibidi tujue kitambaa ni cha nini, maana dawa inayokifaa kimoja hukila kingine. Kipande kidogo kikatiwa ndani ya ndoo ya maji kilizama, polipropilini ingeelea. Kingine kikachomwa nje, mbali na kinu: kiliyeyuka kwa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu, tofauti na pamba ambayo ingewaka kama karatasi na kuacha majivu. Ni poliesta, felti (kitambaa kisichofumwa) ya kuchomwachomwa kwa sindano, yenye nyuzi nyembamba za chuma zilizochanganywa ili umeme tuli usijikusanye.

Poliesta ni nyuzi yenye nguvu na hustahimili joto la zaidi ya digrii 130 ikiwa hewa ni kavu. Udhaifu wake ni kukaa muda mrefu katika joto lenye unyevu, na udhaifu mwingine ni magadi makali, yaani kostiki soda, ambayo huumega uzi wenyewe. Hapa ndipo penye mtihani, kwa sababu yujenoli ina tabia ya asidi dhaifu na huyeyuka vizuri hasa katika magadi. Dawa inayoitoa gundi ndiyo inayokidhuru kitambaa. Spiriti nayo huyeyusha mafuta ya karafuu bila shida, lakini sitaki hata kopo moja la spiriti ndani ya uzio wa kinu.

Juni, majaribio ya kufua

Tulikata vipande vya ukubwa sawa kutoka kwenye mfuko uleule wa kafara, kila kipande kikaoshwa kwa namna yake. Maji matupu ya kisima chetu hayakufanya lolote, na sabuni ndani yake ilitoa mabonge meupe badala ya povu, kwani maji hayo ni magumu. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi la paa yalibadili mambo papo hapo: sabuni ya maji kidogo ilitosha, na masika, iliyoleta ugonjwa, ikatupa na maji ya kutibia.

Sabuni peke yake katika maji ya uvuguvugu, kiasi cha digrii 40, iliutoa ukoko wa juu lakini haikuligusa tabaka jeusi. Soda ya kufulia ya kawaida, ambayo ni dhaifu sana ikilinganishwa na kostiki, ililegeza tabaka hilo baada ya kipande kulowekwa kwa muda mfupi, maji yakageuka ya kahawia na harufu ya karafuu ikajaa banda zima. Kostiki ilisafisha haraka kuliko zote, na kipande chake kilitoka kikiwa cheupe cha kuvutia. Lakini nilipokivuta kwa mikono miwili baada ya kukauka kilikatika kwa urahisi kuliko vipande vingine vyote. Kostiki imefutwa.

Katika vipande vilivyokuwa vimeshika rangi ya manjano kulitokea jambo ambalo sasa tunalitumia kama chombo cha kazi. Mara tu maji ya soda yalipokigusa kitambaa, rangi ya manjano iligeuka nyekundu ya damu ya mzee. Kurkumini, rangi iliyomo kwenye manjano, huwa nyekundu ikikutana na magadi na hurudi njano magadi yakiondoka. Kwa hiyo hatuhitaji karatasi za kupimia zinazouzwa madukani: kijiko cha unga wa manjano kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia kinatuambia kama bado kuna soda. Maji yakibaki njano, mfuko umetakata magadi. Yakiwa mekundu, unarudi kwenye beseni.

Utaratibu uliokubaliwa ni huu: mfuko unapigwapigwa kwa mkono ukiwa mkavu ili ukoko uanguke, unalowekwa kwenye maji ya mvua ya uvuguvugu yenye sabuni na soda kidogo kwa muda usiozidi saa moja, unabonyezwabonyezwa bila kusuguliwa kwa brashi, kisha unasuuzwa kwa maji ya mvua hadi manjano yakubali. Hakuna kukamua kwa kusokota. Kijana mmoja alileta mashine ya kuoshea magari kwa nia njema, tukamshukuru na kumwomba airudishe, kwa sababu maji ya nguvu hufungua nyuzi za felti na kuisukuma takataka ndani zaidi.

Juni, maji machafu

Maji ya kufulia hayamwagwi mtaroni. Mafuta ya karafuu hutumika kuwalewesha samaki katika vituo vya ufugaji, na mtaro wetu unaelekea kwenye mikoko. Tumechimba shimo mbali na kisima, maji yanatulia kwanza kwenye pipa, yanapunguzwa ukali kwa siki, ndipo yanapoachwa yazame ardhini.

Juni, kuanika

Kusi imeanza kuvuma na mvua zimekatika, hivyo mifuko inakauka. Tumeianika chini ya paa la makuti, ikining'inia kwa shingo, upepo ukipita ndani yake. Wengi waliopita walishauri ianikwe juani ili rangi ya manjano ipauke, na ni kweli kwamba jua huifuta rangi hiyo upesi, lakini jua hilohilo hudhoofisha nyuzi za plastiki, nasi hatufui mifuko kwa ajili ya kuivaa Sikukuu.

Suala la rangi lilizua mazungumzo marefu kuliko nilivyotarajia. Mwenyekiti wa ushirika, mama wa makamo anayekijua kinu hiki tangu kilipokuwa mashine moja ya mkono, alisimama mbele ya kamba na kuuliza:

"Maalim, hii ndiyo mifuko iliyofuliwa? Mbona bado ya njano?"

"Imefuliwa, Bi Mwenyekiti. Rangi imebaki, uchafu umetoka."

"Na nitajuaje mimi?"

Lilikuwa swali la haki, na lilinilazimisha kukiharakisha kifaa cha kupimia nilichokuwa nikikiahirisha. Tumechukua feni ndogo na kipande cha bomba la plastiki, mfuko unafungwa mdomoni, na mrija mwingine wa maji unaonesha ni kiasi gani hewa inapata shida kupita. Mfuko mpya kutoka stoo ulipimwa kwanza, kiwango chake kikawekwa alama kwa wino. Kisha ukapimwa mfuko mchafu ambao haujafuliwa, maji yakapanda hadi karibu kumwagika. Kisha mfuko wa njano uliofuliwa: maji yalisimama juu kidogo ya alama ya wino. Bi Mwenyekiti alitaka mwenyewe kuufunga mfuko mwingine na kuwasha feni, akarudia kwa mifuko aliyoichagua bila kuambiwa, mmoja baada ya mwingine, kisha akasema, "Basi iacheni njano," na akaondoka kwenda kwenye mizani ya pilipili. Tangu siku hiyo, mfuko unaopita mtihani wa maji unarudi sandukuni, na usiopita haurudi hata uwe mweupe kama theluji ya Kilimanjaro.

Juni, mwishoni: iliyofaulu na iliyoshindwa

Si mifuko yote iliyofufuka. Ile iliyokuwa karibu na bomba la kuingizia hewa ya kompresa, iliyopata maji mengi kuliko mingine, ilipitisha hewa vizuri baada ya kufuliwa lakini kitambaa chake kimechoka: ukikivuta kinachanika taratibu, kama karatasi iliyolowa. Hiyo imetolewa. Mingine ilipita kwenye hewa lakini ikashindwa kwenye taa. Usiku tuliingiza taa ndogo ndani ya kila mfuko, tukazima taa za banda, na kila kitundu kikajionesha kama nyota. Vitundu vingi vilikuwa sehemu ya chini, mahali ambapo mfuko husugua fremu ya waya inayouzuia usijikunje.

Hilo lilitupeleka kwenye fremu zenyewe. Hewa ya chumvi ya kisiwa hiki haisamehe waya uliopakwa zinki kwa haba. Kwenye maungio kutu imeota na kuwa mkali kama msasa. Fremu zenye kutu nyepesi zimesuguliwa na kulainishwa. Zile ambazo waya wake umeliwa zimewekwa kando, kwani kuipaka rangi fremu kwenye kinu cha chakula ni kukaribisha magamba ya rangi kwenye unga. Tumeagiza chache za chuma kisichoshika kutu.

Julai, kwa fundi cherehani

Vitundu na mishono iliyofunguka vimepelekwa kwa fundi cherehani wa mjini ambaye kazi yake ya kila siku ni makanzu. Aliupapasa mfuko, akautazama mshono wa zamani, akasema uzi wa pamba alionao hautadumu hata mwezi, na akataka tumletee uzi wa poliesta wa kushonea matanga. Nilifurahi kwamba hakuhitaji kuelezwa. Ameshona mistari miwili sambamba, na vitundu vidogo vya sindano tumevipaka silikoni ya chakula kwa kidole, safu nyembamba tu, maana kila sehemu iliyopakwa ni sehemu isiyochuja.

Tulimsisitizia jambo moja: utepe wa shaba ulio shingoni, unaounganisha nyuzi za chuma za kitambaa na sanduku lililofungwa waya wa ardhi, usikatwe. Mifuko iliporudi tuliipima mmoja mmoja kwa mita ya umeme kutoka kitambaani hadi kwenye utepe. Mmoja haukusoma chochote, ukarudishwa kwake siku hiyohiyo.

Kwenye kila shingo fundi ametia fundo moja la uzi mweupe, kuwa alama ya ufuaji mmoja. Felti inayofuliwa mara nyingi hulegea na kuanza kuachia vumbi laini, na kwa maoni yangu mfuko wenye mafundo mawili haustahili la tatu. Mifuko iliyotengwa kwa karafuu imepewa fundo la uzi mwekundu pia, na haitachanganywa na ya mdalasini, kwa sababu harufu ya karafuu haitoki kabisa kwa sabuni wala soda na mnunuzi wa mdalasini huisikia.

Julai, kurudisha sandukuni

Mifuko iliyofufuliwa imerudi mahali pake, na nafasi za iliyotupwa zimezibwa kwa vifuniko vya bati hadi mipya ifike. Uso wa kuchujia umepungua, kwa hiyo mlango wa feni umebanwa kidogo ili kila mita ya mraba isipitishe hewa zaidi ya mita moja na nusu za ujazo kwa dakika. Ukiuacha wazi, mifuko michache itabeba mzigo wa mingi na kuziba upya kabla ya wakati.

Siku ya kwanza hatukusaga pilipili wala manjano, ambazo unga wake ni laini sana kwa kitambaa kilicho uchi. Tulianza na mdalasini wa chembe kubwa, feni ikiwa polepole, mipigo ya kompresa ikiwa imezimwa kabisa. Mwanzoni kiwingu chembamba kilitoka kwenye bomba la nje, na jirani mmoja akaja kuuliza kama mradi umeharibika. Kiwingu hicho ndicho tulichokuwa tukikingojea kitoweke: kadiri ukoko mpya ulivyojijenga, moshi ulipungua, na mrija wa maji ulipofika milimita 60 bomba lilikuwa safi. Hapo tu ndipo mipigo ilipowashwa.

Julai, karafuu za mwanzo

Karafuu zimeanza kushuka, na hizi ndizo zitakazoipima kazi yetu kwa kweli. Tumebadili saa za kusaga: karafuu na makonyo husagwa alfajiri, kinu kikiwa baridi, na kwa mafungu madogo yenye mapumziko kati yake, ili mafuta yabaki ndani ya unga badala ya kupanda kwenye mifuko. Wanunuzi nao watanufaika, kwani mafuta yanayokwama kwenye kitambaa ni harufu iliyopotea kwenye kifuko cha dukani. Baada ya fungu la mwisho feni haizimwi papo hapo. Inaachwa izunguke kavu hadi sanduku lipoe, ili unyevu usitulie ndani usiku.

Mrija unasoma milimita 90 mwisho wa zamu na hushuka baada ya mipigo. Mtego wa maji ulikuwa na maji robo kikombe asubuhi ya leo, maji ambayo mwezi wa Mei yangekuwa ndani ya mifuko. Kompresa bado ni ndogo kwa kazi hii na hupata moto, na hewa ya moto hupita mtegoni na unyevu wake kabla haijapoa. Fundi anapendekeza bomba la kupozea lirefushwe na kupitishwa nje, upande wa kivuli, kabla ya mtego. Mabomba yamekwisha pimwa, na ombi la fedha linaingia kwenye kikao cha kamati cha Alhamisi pamoja na oda ya mifuko ya kujaza nafasi zilizozibwa.